Jumanne Nimeiacha Wazi

Nyuma ya bili ya maji, kwa penseli ya kuchorea kofia,
nimepanga wiki nzima ya mwanangu.
Jumamosi: vifuniko vya chupa, vyekundu huku, vya buluu kule.
Jumapili: beseni, vikombe viwili na mai.
Ndivyo anavyoyaita, mai, kama nyanya yake wa Wiyoni,
nami sijamsahihisha.
Jumatatu: soksi za babake, kila moja itafutiwe mwenzake.
Jumanne nimeiacha wazi.
Jumanne hunishinda kila wiki.

Dengu nimezikata kwa mistari miwili.
Pua ya Lali ni ghala.
Mwezi uliopita daktari wa zamu aliitoa moja kwa koleo,
imeshavimba, akaiinua kwenye mwanga:
"Mama, hii ilikuwa na nia ya kuota."

Kazi yangu ni kofia.
Tundu kwa tundu, miezi mitatu kwa kichwa kimoja,
na ukikosa tundu moja unafumua safu.
Mteja anaitaka kabla ya Maulidi.
Amelipa nusu, na nusu imeshaliwa.
Famau ni mlinzi wa usiku kwenye benki;
mchana hulala hapo, nyuma ya pazia,
basi kila mchezo niupangao
sharti uwe mchezo wa kunyamaza.
Nani amewahi kumwona mtoto wa miaka miwili na nusu
akimwaga vifuniko themanini kwenye sinia la bati
kwa kunong'ona?
Nikaondoa sinia, nikatandika khanga kuukuu.
Hilo nalo ni somo. Aliyefunzwa ni mimi.

Ukutani, vidaka vitatu vya chini ni vyake.
Mwenye nyumba angependa tupange humo sahani za kale,
wageni wakipita wapige picha.
Tumepanga kifuu, mwiko uliovunjika,
kopo la maziwa lenye vibanio vya nguo,
na gunzi la hindi ambalo lina jina
lakini Lali hajaniambia ni nani.

Jumamosi ilidumu dakika kumi na moja.
Jumapili maji yaliisha kabla ya hamu,
sakafu ikanywa, na kanzu yake ikanywa.
Punda wa saruji walipopita uchochoroni
aliacha yote akakimbilia mlangoni:
moya! moya! moya!
Walikuwa sita.
Kwake kila punda ni wa kwanza.

Jumatatu nilikuwa kwenye ukingo, pale pagumu,
pumzi nimeibana na sindano iko nusu ya safari,
nikasikia kimya.
Kishindo cha mtoto hukwambia alipo.
Kimya chake hakisemi kitu.
Niliinua mato: alikuwa amechuchumaa
mbele ya buti za babake, soksi kavaa mkononi,
akitia kitu ndani, akichungulia, akitia tena.
Nikasema nitainuka tundu hili likiisha.
Halafu lile. Halafu nikasahau.

Famau huondoka na ndara, buti kwenye mfuko,
huzivaa akifika lindoni.
Saa tatu usiku simu ikatikisika:
*Buti la kulia lina vifuniko vinne. Vyekundu vyote.*
Kidogo tena:
*La kushoto, vitatu. Vya buluu. Umemfunza lini?*
Nilikuwa bado natafuta la kujibu,
maana kusema kweli sikumfunza, nilikuwa nashona,
ikaingia ya tatu:
*Na soksi moja. Mwenzake iko wapi?*

Mwenzake ilikuwa mkononi mwa Lali,
amelala nayo, imempanda hadi kiwikoni.
Sikumvua.
Nikaifungua ile bili karibu na taa,
nikaitafuta Jumanne, nikaandika:
kukaa mlangoni, mimi na kofia, yeye na gunzi.
Punda.
Kuhesabu: moya, moya, moya.